Jino la Mtu Mwingine

Fundi Cheche alikuwa na tabia moja mbaya, na mkewe alikuwa ameisemea mpaka akachoka: alikuwa anamenya waya kwa meno. Visu alikuwa navyo, plaizi za kubania na kukatia waya alikuwa nazo, begi lake la kazi lilijaa vyuma mpaka kamba ikamchubua bega. Lakini akishapanda ngazi, mkono mmoja umeshika ukuta, huyo, waya mdomoni, anauma, anavuta, anatema gamba la plastiki chini. Mafundi umeme wote wa mtaa ule walifanya hivyohivyo. Ukimwona mtu anacheka na jino lake la mbele lina kibonyo ukingoni, huna haja ya kumuuliza kazi yake.

Basi siku moja akauma waya mgumu, wa zamani, na kitu kikalia ka! Akadhani ni waya. Kumbe jino. Kipande kimoja kilibaki kwenye ufizi, kingine akakitemea kiganjani, akakitazama weee asiamini macho yake.

Usicheke. Jino la mbele si mchezo. Kila akisema "swichi" ilitoka filimbi. Wateja wakawa wanapatana naye bei huku wanamtazama mdomo. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye alikuwa akifanya naye kazi tangu duka alilokuwa akiuza lifungwe, alijizuia kucheka mpaka machozi yakamtoka. Na maumivu, jamani! Akinywa maji, anaruka. Akivuta pumzi, anaruka.

Akaenda kliniki ya meno, ile ya ghorofani yenye milango ya vioo. Daktari akampiga picha, akamwonyesha mzizi wake kwenye skrini, akausifia kuwa bado mzima, kisha akamtajia bei ya kumwekea jino jipya. Cheche akacheka. Alidhani ni utani. Daktari hakucheka.

"Daktari," akasema Cheche, "mimi nimekuja na jino moja. Wewe umenipigia hesabu ya ukoo mzima."

"Kung'oa ni rahisi," akajibu daktari, macho yako kwenye skrini. "Kuweka ndiyo kazi. Na malipo yanatangulia."

Kwa bei ile mtu angenunua pikipiki na akabakiwa na hela ya mafuta. Cheche akashuka ngazi shingo upande, mkono shavuni. Chini kabisa, pale ngazi zinapoishia, kulikuwa na mlango ulioachwa wazi kidogo, na mtu mwembamba amesimama hapo, vumbi jeupe limemtapakaa mpaka kwenye kope. Huyu ndiye aliyewatengenezea madaktari wa juu meno ya bandia. Watu walimwita Plasta.

"Amekutajia bei?" akauliza Plasta.

"Amenitajia."

"Pole. Ingia ndani."

Chumba kile hakikuwa na dirisha. Kuta zote zilikuwa rafu, na kwenye rafu vilipangwa vinywa vya plasta, vya watu waliowahi kuja kupimwa, ufizi na meno yao yote, kila mtu na mapengo yake. Vyote vilikuwa wazi kidogo, kama watu waliokatizwa maneno. Cheche akatafuta pa kutazama, akakosa.

Plasta akavuta droo, akafunua kitambaa. Ndani yake mlikuwa na jino moja, limeshatiwa msumari mwembamba wa kulishikiza kwenye mzizi.

"Hili si la kiwandani," akasema. "Jino halisi. Litakukaa."

"Na hela?"

"Utaleta kidogo kidogo. Siandiki popote. Wale wa juu wanataka hela, mimi nataka tuaminiane."

"Unaniamini vipi, nawe hunijui?"

"Na wewe niamini hivyohivyo. Usiniulize ni la nani."

Haya. Mtu mwenye akili timamu angechukua begi lake akala kona. Lakini maumivu yakishakupanda kichwani, akili inahama yenyewe. Cheche akakaa, akafumba macho, akaachama. Jino likaingia bila kusukumwa, likatulia. Plasta akampa kioo. Lilikuwa la manjano kidogo kuliko mengine, na ukingoni lilikuwa na kibonyo, kilekile cha mtu anayemenya waya kwa meno. Cheche alikiona vizuri sana. Akajifanya hamnazo, akashukuru, akaondoka.

Kazi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa kwenye dari la duka la viatu. Cheche akasogeza uso kwenye nyaya apate kuona vizuri, mara jino likamtekenya. Mdomo ukajaa ladha ya chuma, na mlio mwembamba ukampanda mpaka kwenye mfupa wa pua. Akarudi nyuma haraka. Shemeji yake akachukua testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani, akagusa waya. Kitaa kikawaka. Waya una moto. Cheche akausogelea wa pili: jino kimya, baridi. Testa nayo haikuwaka.

Wee! Unafikiri Cheche alikaa kimya? Alifurahi kama mtoto. Akajaribu nyumba hii, akajaribu ile, na kila mara jino lilisema kweli. Testa ikaanza kushinda ndani ya begi. Shemeji yake hakupenda, maana yeye alikuwa mtu wa kupima, akishapima anapima tena.

"Shemeji, tupime kwanza."

"Nimeshapima."

"Kwa kitu gani?"

Cheche akaligonga jino kwa ukucha, akacheka. Shemeji hakucheka, akatoa testa yake mwenyewe mfukoni, akapima kimyakimya. Cheche aliona, na moyoni likamkera.

Asubuhi moja mkewe alikuwa anamimina chai, akasita.

"Baba watoto, umeanza kuongea usingizini."

"Nasema nini?"

"Unauliza. 'Umezima? Umezima kweli?' Unauliza tena na tena." Akaweka birika chini. "Na hiyo sauti si yako."

"Ya nani sasa?"

"Nikijua si ningekwambia?" Akamtazama usoni. "Sikiliza. Mimi ndugu niliyebaki naye duniani ni huyu mdogo wangu mmoja, na nimekukabidhi wewe. Nirudishie mzima kila jioni. Mengine sina neno."

Chai ikamshinda Cheche. Moja kwa moja akaenda mpaka chini ya ngazi za kliniki, akaingia bila hodi.

"Niambie ni la nani."

Plasta akafuta mikono kwenye aproni. Hakubisha. "La fundi umeme mwenzako. Mwangalifu hasa, waliomjua wanamsifu. Siku moja mwenzake akamwambia ameshazima, akamwamini. Kumbe hakuzima. Ndugu zake waliniletea meno wenyewe, walikuwa wanatafuta hela za kumzikia." Akavuta kiti. "Kama linakusumbua, kaa hapo nilitoe. Sitakudai kitu."

Hapo ndipo ungemshika Cheche mkono ukamkalisha kwenye kile kiti kwa nguvu. Lakini yeye alikuwa anaikumbuka ile filimbi, anakumbuka bei ya ghorofani, anakumbuka jinsi jino lilivyokuwa likimwonya kila siku. Akajipigia hesabu zake: mtu aliyeuawa na uongo hawezi kumdanganya fundi mwenzake. Huyu ni mlinzi wangu, akasema moyoni. Akakataa, akaaga, akatoka anapiga mluzi. Hakuwaza kwamba aliyeuawa vile anaweza pia kuwa na hasira.

Wiki ileile wakaitwa kwenye kiwanda cha kufulia nguo. Mvuke umetanda, mabomba yanavuja, sakafu maji matupu. Mashine moja kubwa ilikuwa imekufa, nyingine zinazunguka zimejaa mashuka ya hospitali. Mama mwenye kiwanda alikuwa anapiga kelele na kulalamika kwa wakati mmoja.

"Fundi, nakuomba, usinizimie zote! Mashuka yakikwama humo nimekwisha!"

Shemeji akapiga magoti nyuma ya ile mashine mbovu, akafungua mfuniko. Cheche akaenda chumba cha nyuma kuzima swichi kuu. Akaishika kabisa. Akasikia mashine zinavyonguruma, akamfikiria yule mama, akafikiria jino. Si litasema? Akaiacha ilivyo, akarudi.

Akainama kwenye nyaya, akasogeza mdomo karibu. Jino kimya. Baridi mpaka ufizi ukafa ganzi. Akatabasamu.

Shemeji akagusa kwa testa. Kitaa kikawaka, chekundu, wazi kabisa.

"Shemeji, una moto huu."

Hapo Cheche akaingiwa na wasiwasi. Hilo sharti lisemwe, maana baadaye hakuna aliyelikubali. Moyo ulimpiga paa, akataka kusema, "Ngoja, nikazime." Akafungua mdomo aseme hivyo.

"Nimeshazima, ndugu yangu," mdomo ukasema. "Weka mkono."

Sauti ilikuwa ya polepole, ya upole, ya mtu mzima kuliko yeye. Na katika miaka yote hiyo Cheche hakuwahi kumwita "ndugu yangu". Alimwita shemeji. Yule kijana mkubwa akainua uso, akamtazama, mume wa dada yake, aliyempa kazi alipokuwa hana kitu. Akaitazama testa. Akaona haya kuendelea kubishana. Akaitia mfukoni, akaweka mkono.

Ndipo jino lilipolia. Lililia mpaka kichwa kizima cha Cheche kikatetemeka, na ndani ya kile kilio kulikuwa na kitu kama kicheko. Alinyakua fagio lenye mpini wa mbao, akamsukuma nalo shemeji yake kwa nguvu zake zote mpaka akabanduka kwenye nyaya. Mashine zikaendelea kuzunguka na mashuka yake.

Hospitali walisema atapona. Vidole viwili havitarudi, lakini atapona. Alikuwa amelala chali, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, macho yako wazi. Mkewe Cheche alifika mbio, kanga imemteleza, akamshika ndugu yake kichwa, akalia, akajifuta, kisha akamgeukia mumewe.

"Niambie kitu kimoja tu. Ulizima?"

Cheche alikuwa ameshaamua njiani. Ataisema kweli yote, apigwe, afukuzwe, liwalo na liwe. Neno lilikuwa limeshakaa kwenye ulimi: sikuzima.

"Nilizima," akasema. "Niliishusha swichi kwa mkono wangu. Testa yake ndiyo iliyomchanganya, mke wangu. Alipapatika."

Alijisikia akisema. Alitaka kufunga mdomo, mdomo ukamalizia kwanza, kwa upole uleule.

Mkewe akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. "Nilijua," akasema. "Nakuamini." Akamgeukia aliyelala. "Na wewe, mara ngapi nimekwambia utulie ukiwa kazini? Mara ngapi?"

Shemeji alikuwa anautazama mdomo wa Cheche, na machozi yalimtiririka kuelekea masikioni bila kuyafuta. Alijua alichosikia kule kiwandani. Sasa alikuwa anakisikia tena, na dada yake anakikubali.

Cheche akatoka nje ya wodi. Kwenye korido watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa. Akageukia ukuta, akafungua begi, akatoa plaizi, akalibana jino. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, akamfunika mtoto wake macho. Cheche akavuta. Kuingia liliingia kwa raha, kutoka lilikataa. Alivuta kwa mikono miwili, na lilipotoka lilitoka na mzizi wake na damu nyingi.

Akarudi wodini, shati limelowa kifuani, ngumi imefumba.

"Sikuzima," akasema. Neno likatoka na filimbi na damu, lakini lilikuwa lake, kwa sauti yake. "Mke wangu, sikuzima. Aliniambia una moto. Nikamwambia aweke mkono."

Mkewe akamtazama mdomo, akatazama shati. Hakuelewa, kisha akaelewa nusu yake. "Sasa hivi umeniambia ulizima."

"Si mimi niliyesema."

"Nilikuwa nakutazama. Mdomo wako huohuo."

"Ni jino. Ni la fundi mmoja alikufa, Plasta alinipa, lilikuwa linaniambia waya upi una..." Akaanza kueleza, na kila alilosema lilikuwa kweli, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe anaongopa. Ndani ya ngumi jino lilikuwa bado linamtekenya, na hapakuwa na waya karibu.

"Kwa hiyo nimwamini yupi?" akauliza mkewe. "Wewe wa mwanzo, au wewe wa sasa?"

"Wa sasa."

"Hata yule nilimwamini."

Cheche akapiga hatua kuelekea kitandani. Alitaka kumwomba shemeji yake radhi, kumshika ule mkono mzima, hilo tu. Lakini mkewe alishaingia katikati, mgongo umegusa chuma cha kitanda, mikono ameitanua.

"Ishia hapohapo," akasema. "Usimguse ndugu yangu."