Uwanja Mtupu wa Mama Kahonzi

Asubuhi ya Jumanne, Kahonzi alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi ya pili, kijana mmoja alipotokea ukutani, kati ya kalenda na kabati la vyombo. Ukuta haukupasuka. Kijana alikuwa akitembea huku macho yamezama kwenye kishikwambi.

"Hodi," akasema, alipokwisha kufika katikati ya chumba.

"Karibu. Siku nyingine hodi hutangulia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinikanyagie nazi."

Alikuwa Joram, wa ofisi ya mipango ya mji. Alieleza kwamba ramani mpya ilichorwa kwa picha za kutoka angani, ili mtaro wa mafuriko upite pasipo na watu. Hapa ramani ilionyesha uwanja mtupu, ndiyo maana hakugonga kitu. Kosa lilikuwa la mwarobaini. Kahonzi aliupanda miaka kumi na minne iliyopita, jua lilipoanza kumfuata hadi ndani, na sasa ulikuwa umelifunika paa lote. Jirani yake Gomti, mwenye duka la vitambaa, hakupanda hata mchicha, na paa lake la mabati lilionekana mpaka misumari.

"Basi niandike," Kahonzi akasema. "Nyumba si hii umo ndani yake?"

Joram akaandika. Kishikwambi kikajibu kwamba uwanjani hapakai mtu, ila mwenye nyumba anaweza kujisajili kwa simu janja yake. Kahonzi akaitoa mulika mwizi yake, simu ya vitufe na tochi. Wakaitazama wote wawili, kisha akairudisha kifuani.

"Na nikiukata mti?"

"Mpango wa tabianchi unakataza, mama. Faini yake si mchezo."

Kahonzi hakuwa mtu wa kuficha hasira. Alikwenda ofisini siku tatu mfululizo, na kila mlango aliougonga alikaribishwa, akapewa kiti, akaambiwa mfumo haumwoni. Maji yakimwagika hayazoleki, na mpango ulikuwa umeshatiwa sahihi.

Mwezi wa tatu wachimbaji wakaja. Walichimba mtaro hadi ukutani kwake, wakaendelea upande wa pili. Ndani hawakuchimba; kompyuta ilisema pale pana mteremko wa kutosha. Watu waliofuata ramani za simu nao wakaanza kukatiza chumbani wakienda sokoni. Wengi walisalimia, na mmoja alimsaidia kutundika pazia.

Masika yalipoingia, Gomti alipokea ujumbe wa onyo, akausoma kwa sauti juu ya ua.

"Maji saa kumi, Kahonzi."

"Ahsante, dada."

Saa kumi maji yakaingia kwa ukuta uleule, yakapita chini ya meza, yakatokea upande wa pili na unga wake wote. Picha ya marehemu mumewe ikalowa, na hapo Kahonzi alilia. Kwa Gomti halikuingia tone. Kahonzi akainua kitanda juu ya matofali, akajifunza kupika leso ikiwa imefungwa juu ya magoti.

Mvua ilikuwa bado inanyesha Joram alipopita tena ukutani, viatu mkononi. Alikuwa amekuja na ripoti, maana aliona ni haki Kahonzi naye aisikie. Akapanda kitandani, akasoma.

"'Mtaro umefaulu. Maji yote yamepita katika uwanja mtupu. Hakuna mtu aliyeathirika.'"

Kahonzi alikuwa amesimama katika maji ya magotini, ameshika sufuria lisichukuliwe.

"Hapo mwisho," akasema, "hebu soma tena."

Joram akasoma tena, polepole, kwa adabu zote, miguu ameikunja juu ya kitanda.