Nyuzi Alizochagua Nyongesa

Jumamosi tarehe kumi na tano Novemba, mwaka wa sabini na tano, ndiyo siku mambo ya Nyongesa yalipoharibika mbele ya watu. Diwani alikuwa amefika, amechelewa kama ilivyo kawaida yao, na watu wa Kibera walikuwa wamechomwa na jua tangu asubuhi wakimngojea aje kukata utepe wa ukumbi mpya. Bendi ya Silanga, mtaa mmoja wa humo Kibera, ilikuwa imeshapanda jukwaani. Gitaa mbili za boksi zimewekewa maiki mbele, ngoma ziko tayari, na katikati amesimama Nyongesa, mwashi aliyefiwa na mke, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, na begani ananing'inia besi ya umeme. Ilikuwa ya kwanza kushikwa na mtu wa Silanga.

Wimbo ukaanza. Nyongesa akavuta uzi wa kwanza, ule mnene. Spika ikatoa mvumo mdogo kama wa nzi aliyefungiwa ndani ya chupa, basi. Akavuta wa pili. Mvumo ule ule. Akazungusha vifungo, akachomoa waya akauchomeka tena, akapiga kwa nguvu mpaka kucha ikauma.

"Wee mzee, hiyo ni gitaa ama ni jembe?" mtu akapaaza sauti kutoka nyuma.

"Mwacheni, anaipapasa kwanza ilale!"

Ukumbi mzima ukacheka. Diwani naye akacheka, tumbo likimtikisika, na hicho ndicho kilichomchoma Nyongesa kuliko vyote. Akaivuta maiki iliyokuwa mbele ya gitaa la Shiundu, kijana aliyepiga solo.

"Wananchi, msinicheke mimi," akasema, na sauti yake, tofauti na ya besi, ikatoka kubwa ikafika mpaka barabarani. "Mimi nimepiga vyombo tangu nikiwa mtoto. Chekeni huyu fundi wetu, Musau, yule wa redio kule Kawangware. Tulimpa kazi ya kufunga hii gitaa, yeye ametoa sumaku ya maana akaweka chuma cha bure. Ametuibia!"

Kicheko kikakatika. Mama mmoja aliyekaa mbele akasema, si kwa sauti kubwa lakini kila mtu alimsikia: "Kama gitaa ya watu wengi ameifanyia hivyo, je, redio yangu iliyoko kwake?"

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kuwa na redio miaka ile anajua neno hilo lina uzito gani. Hofu ya kila mtu ilikuwa moja: unampelekea fundi redio inayokoroma, anakurudishia inayoimba, na baada ya mwezi inakufa kabisa kwa sababu spea zake nzuri zimehamia kwa redio ya mtu mwingine. Fundi aliishi kwa jina lake. Musau alikuwa na jina. Watu walitoka Kibera, wakavuka Ngong Road kwa miguu, wakapita mafundi wengine njiani, wakampelekea yeye.

Na Musau siku hiyo hakuwepo ukumbini kujitetea. Alikuwa kibandani kwake akifanya kazi.

Besi yenyewe ilikuja kwa bendi ikiwa mbao tu, imenunuliwa kwa bendi nyingine iliyovunjika, haina nyuzi wala pikapu. Pikapu ndicho kile kidude kinachofungwa chini ya nyuzi, kinasikia zikitikisika na kupeleka habari kwa spika. Mwenyekiti wa bendi, Kavoi, alisema wewe Nyongesa ndiye utakayeipiga, nenda kwa Musau ukachague. Nyongesa akaenda, na kwa kweli siku ile ilikuwa nzuri. Musau alimwekea pikapu mbili mezani. Moja ilikuwa nyembamba, ya kufungwa karibu na mkia wa gitaa, sauti yake kali ya kukata. Nyingine nene, ya kukaa karibu na shingo, sauti yake ya mviringo, ya kifuani.

"Hii nene," Nyongesa alisema bila kufikiri. "Besi ni baba wa nyumba. Hapaswi kupiga kelele."

Musau alicheka, akamwita kwa jina la binti yake. "Umechagua vizuri, baba Nekoye."

Kwa nyuzi pia walisikilizana. Zilikuwepo zilizozungushiwa waya wa duara, zinazokwaruza kidole, na zilizozungushiwa utepe wa chuma, laini. Wakachukua za utepe. Musau akazifunga mwenyewe, akazikaza, na alipokuwa akimkabidhi gitaa akamwambia, "Hizi usitoe. Hata ikikatika moja, njoo kwangu nikutafutie nyingine kama hii."

Nyongesa alisema sawa. Lakini maneno yale yalimkaa vibaya. Usitoe! Kama mtoto anayekatazwa kugusa sufuria. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa usi-hiki na usi-kile na watu waliokalia viti: msimamizi wa mjengo, karani wa kodi, yule mtu wa dirishani hospitalini aliyemwambia asipite na mkewe Sella kabla zamu yao haijafika, mpaka Sella akafia kwenye benchi. Sasa hata mtu wa kuchomelea waya naye anampa amri?

Tena kulikuwa na mikono. Simiti hula vidole vya mwashi, inavikausha mpaka vinapasuka kama tope la kiangazi. Sella alipokuwa hai alikuwa akivipaka mafuta kila jioni, akimtukana huku akimpaka: "Mikono gani hii, kama ya mamba." Sasa hakuna wa kumpaka. Nyuzi za chuma zilipopita juu ya nyufa zile, damu ilitoka.

Basi Nyongesa akafanya kile ambacho mtu wa kwao, Bungoma, angefanya. Kwao alikuwa mpigaji wa litungu, kinubi cha Wabukusu, na aliona kwa macho yake wazee wakiacha nyuzi za mishipa ya ng'ombe na kuweka nailoni ya kuvulia samaki, na litungu likazidi kulia. Akatoa nyuzi za chuma, akazikunja ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo, akafunga nailoni nene nne. Chumbani kwake Silanga hakukuwa na umeme. Amplifaya, mashine ya kukuza sauti, ilikuwa ya kukodi, ije siku ya sherehe tu. Kwa hiyo aliisikiliza besi vile alivyosikiliza litungu tangu utoto, shavu limeegemea mbao, na mbao zikamwimbia sawasawa ndani ya fuvu. Akaridhika. Hakumwambia mtu. Shiundu alipoziona mazoezini akauliza, "Mzee, mbona zinang'aa hivi?" akamjibu, "Wewe piga yako."

Hayo yote yalikuwa kabla. Baada ya sherehe, watu walienda Kawangware kuchukua redio zao. Wengine waliomba bisibisi hapo hapo, wakafungua mgongo wa redio mbele ya Musau na kuchungulia, kana kwamba wangejua kilichopungua. Kavoi akatangaza kwamba Musau si fundi wa bendi tena. Nyongesa alipopita njiani, watu walimwita: "Baba Nekoye! Ulimshika vizuri yule mwizi!" Akajibu kwa kuinua mkono, naye alijisikia mtu.

Jumapili moja ya Desemba, mvua ikipiga mabati, binti yake Nekoye alikuwa ameketi kitandani akishona pindo la sketi. Alikuwa akijifunza ushonaji kwa mama mmoja wa mtaa wa Ayany. Besi ilikuwa imelazwa pembeni yake, imefunikwa nusu kwa blanketi. Sindano ikamponyoka. Akaitafuta kwenye shuka, akaitafuta sakafuni, kisha akainua lile blanketi.

"Baba."

"Nini?"

"Hii gitaa si ulisema haina sumaku?"

Nyongesa akageuka. Sindano ilikuwa imesimama juu ya ile pikapu nene, wima, kichwa chini. Nekoye akaing'oa, akaiachilia tena kwa mbali kidogo. Ikaruka, ikashika, ti! Akaiweka juu ya uzi wa nailoni. Ikateleza ikaanguka.

"Sumaku iko," alisema, tena bila ubaya wowote, kama anayesema mvua imepungua. "Haitaki tu hizi nyuzi."

Joto lilimpanda Nyongesa kutoka shingoni mpaka masikioni, joto la mtu aliyekutwa amevua nguo. Alichukua sindano ile, akaijaribu mwenyewe, mara nyingi, akitumaini itakataa. Ilishika kila mara.

Mtu mwingine angeenda moja kwa moja kwa Musau. Nyongesa alienda kwanza kwa Kavoi, kwa sababu ndani ya moyo wake alitaka mkubwa fulani aubebe mzigo huo. Alimkuta mwenyekiti mbele ya duka lake la makaa, akinywa chai.

"Chairman, nimegundua jambo. Musau hakuiba."

Akamweleza. Kavoi alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza chai yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Nekoye tu."

"Basi mwambie Nekoye anyamaze, na wewe unyamaze. Tumealikwa kupiga Krismasi. Tukisema mpiga besi wetu alifunga kamba ya samaki kwa gitaa ya umeme, nani atatuita tena? Watatucheka mpaka Machakos." Akamwangalia. "Rudisha zile za chuma polepole. Tutasema tumepata fundi mpya."

"Na Musau?"

"Musau ni fundi, atapata kazi. Mimi naongoza bendi, siongozi mafundi."

Nyongesa aliondoka pale na, ni aibu kusema, aliondoka akiwa mwepesi. Hata akaanza kunung'unika njiani, unaona hawa wakubwa? Unaona roho zao? Ni wao wanaotufunga midomo! Alikuwa amefika karibu na kwake aliposikia maneno yake mwenyewe, akayaona yalivyokuwa matamu kinywani, akatema mate chini. Akaingia ndani, akafunga besi kwa blanketi, akachukua ule mkebe, akashika njia ya Kawangware kwa miguu katika tope.

Kibanda cha Musau kilikuwa kimeegemea bucha, na umeme wake aliupata kwa waya uliotoka kwa mwenye bucha. Zamani redio zilijaa pale mpaka juu. Sasa rafu zilikuwa tupu. Musau alikuwa akirekebisha kibatari cha mafuta, na mkewe, Ndinda, aliketi mlangoni akipukuchua mahindi ya kuuza.

"Umekuja kufungua ipi?" Ndinda akauliza bila kuinua macho. "Bisibisi ile pale."

"Mama, nyamaza kidogo," Musau akasema. "Karibu, baba Nekoye. Kaa."

Nyongesa hakukaa. Alifungua blanketi, akaweka besi mezani. Musau akaziona nailoni. Alizitazama muda mrefu. Mkono wake mmoja ulipanda ukashika paji la uso, ukabaki hapo.

"Ni hizi ulipiga siku ile?"

"Ni hizi."

Musau akachukua mkebe, akatoa uzi mmoja wa chuma, ule mnene, akaufunga, akaunganisha gitaa na redio yake mwenyewe iliyokuwa kwenye kona. Akaugusa kwa kidole gumba.

Sauti ikatoka. Ilikuwa nzito, ya mviringo, ya kifuani, ile ile Nyongesa aliyoichagua. Bati likajibu. Mahindi yakarukaruka ndani ya ungo wa Ndinda, na mwenye bucha akagonga ukuta: "Musau! Leo umeleta nini humo?"

Nyongesa alitamani udongo umeze miguu yake. Kidogo kilichobaki cha kujitetea kikamtoka chenyewe. "Uliniambia nisitoe. Lakini hukusema ni kwa nini."

"Uliniuliza?"

Nyongesa akaanza kulikunja blanketi.

"Sumaku husikia chuma," Musau akasema, kwa uchovu, kama mtu anayefunga duka. "Nailoni haiisikii. Ningekwambia. Ungekuja tu kuniambia kwamba vidole vinauma, ningekutafutia nyuzi nyepesi."

"Nisamehe, bwana fundi."

"Mimi nimekusamehe. Sina nguvu ya kukasirika." Akauangalia ule uzi. "Lakini kusamehe kwangu hakuleti redio."

"Nilitaka kusema," Nyongesa akaharakisha. "Nilienda kwa chairman kwanza. Amenikataza. Amesema bendi itaharibikiwa. Wajua hawa wakubwa, wao..."

Ndinda akaweka ungo chini. Alisimama, akapangusa mikono kwa leso, akaja mpaka karibu, na Nyongesa akaona kwamba hata hakuwa na hasira. Alikuwa akimtazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Baba Nekoye," akasema, "chairman ndiye alishika maiki siku ile?"

"Hapana."

"Diwani?"

"Hapana, mama."

"Ni wewe. Na ukumbi ulijaa. Kuna waliotoka Makina, kuna waliotoka Laini Saba, kuna wengine walirudi kwao na hilo neno, wakalipeleka mpaka ushago, huko vijijini. Hapa wanapita asubuhi na jioni, wanavuka upande wa pili wa barabara wasimsalimie mume wangu. Mtoto wetu anaitwa mtoto wa sumaku shuleni." Akanyoosha kidole, si kwa Nyongesa, bali kwa barabara iliyokuwa nje, iliyojaa watu waliokuwa wakirudi kutoka kanisani na miavuli yao. "Wale pale. Ukweli utaanza kumwambia nani?"