Mabati ya Simba

Kwaruu. Kwaruu. Bati lilikuwa likikwaruza ukuta wa ngazi, likipanda orofa ya tatu, na Gordon akajua ni nani kabla hajafungua mlango.

"Pointi! Kuja usaidie mzee!" Winny, jirani yao, alipaza sauti kutoka chini. "Ama mikono ya mzungu haishiki bati?"

Hapa mtaani Tena, Gordon aliitwa Pointi, yaani nukta tano, tangu utotoni: nusu mzungu, nusu Mwafrika. Alishuka mbio, akashika ncha ya mabati. Ncha nyingine ilishikwa na Ondiek, mstaafu wa reli, mume wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga.

"Chini yangeibwa," mzee alihema walipoyalaza sebuleni. "Ijumaa tunayapeleka nyumbani kijijini, na Jumamosi ndugu zangu wanakusanyika tuanze kujenga. Kijana mzima kama wewe lazima awe na simba yake, nyumba yake mwenyewe ndani ya boma la babake. Ya kwako itakuwa karibu na lango."

Gordon aliyatazama mabati. Wiki iliyopita, kwa hasira ya kutaniwa, alikuwa amelifuta jina la Ondiek mtandaoni, akaweka la mzungu aliyemzaa, ambaye hakuwahi kumwona ila kwenye picha. Watu walimpongeza. Alijiona dume.

"Ndugu yangu Jackton alinipigia," Ondiek akaendelea. "Ati umelitupa jina langu. Ati aliyelitupa jina hajengi kwetu. Nikamwambia, wacha umbea! Nikawaapia ndugu zangu wote kwamba ni uongo. Ndipo wakakubali ujenge."

Kidole chake kilikuwa kimekatwa na bati. Gordon alichukua kitambaa, akakifunga, macho yakiwa chini.

"Baba, si uongo."

"Najua. Niliona mwenyewe kabla sijaapa."

"Sasa mbona ukaapa?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba huna kwenu?" Mzee aliinama, akanyoosha bati lililopinda kona, kana kwamba hakuna lililosemwa. Damu ilikuwa imeshaanza kupenya kitambaa.

Gordon alipiga magoti kando yake, kiburi chote kimemwisha.

"Baba, Jumamosi nitasimama mbele ya Jackton na wenzake wote. Nitawaambia jina nililifuta mimi, kwa mkono wangu, na wewe ulinifichia aibu. Hata wakininyima mahali pa kujenga, nitasema. Hutaubeba uongo wangu tena."