Sauti Aliyonisifia Mama

Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ulishamfanya mama anisahau. Mtaalamu wa tiba ya muziki akaniomba nimwimbie, huenda akanitambua. Nikamwambia hapo kafika penyewe. Tangu utotoni mama alinisifia sauti, na kwa sifa hizo nimekuwa mwalimu wa kwaya.

Nikavuta kiti karibu na kitanda, nikaimba wimbo aliokuwa akinibembeleza nao. Macho yakamng'aa. Akanishika mkono.

"Unaimba kama binti yangu."

"Ndiye mimi, mama."

Wala hakunisikia. "Nilimdanganya ana sauti nzuri, maskini. Sura hakujaliwa, akili ndiyo usiseme. Mtoto lazima umwachie kitu cha kujivunia."

Mtaalamu akapiga makofi kwa furaha. Alisema kumbukumbu zinarudi, nisiachie hapo, nianze ubeti wa pili.