Mahali Pasipo na Mlango

Mjomba wangu Joachim Kalinga alitaka mambo matatu tu: kivuli, maji, na pasiwe na mlango. Kivuli na maji, mtu akitoka Mbeya kwenda Iringa atavipata bila hata kuuliza njia. Hilo la tatu ndilo lililonihangaisha mwezi mzima wa Julai, mwaka 1955, wakati watu wenye akili zao walikuwa wamejikunyata karibu na moto.

Mama yangu, Mwanahawa, alizaliwa Mhehe, akaolewa na mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Kilwa, wakahamia Mbeya. Kaka yake Joachim akabaki Iringa, akawa katekista. Dini haikuwagombanisha hata siku moja. Walipendana kama ndugu wengine, kwa kusemana kwenye barua. Kilichowagombanisha ni hodi.

Miaka tisa kabla ya hapo, mjomba alipanda lori siku mbili kuja kumsalimu mdogo wake. Alifika alasiri, akaona viatu vya mama mlangoni, akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, na nyuma ya pazia akaona mtu anainama na kuinuka kama hakusikia kitu. Hodi tatu zisipoitikiwa, muungwana huondoka, na uungwana wa mjomba ulikuwa umemjaa mpaka puani. Akaondoka. Mama alikuwa kwenye swala. Alipotoa salamu na kukimbilia mlangoni, alikuta kikapu cha njegere na vumbi la lori.

"Angeweza kukohoa," alisema mjomba.

"Angeweza kungoja," alisema mama.

Mjomba akaapa kwamba hatampigia tena hodi mdogo wake. Mama naye akaapa kwamba aliyeondoka mlangoni ndiye atakayerudi mlangoni. Kwa hiyo tukakua na binamu tunaowajua kwa majina tu, kama watakatifu.

Mwaka ule mama alianza kuumwa magoti, akaniita. "Muhidini, nataka kula sahani moja na kaka yangu kabla mmoja wetu hajaondoka. Tena watoto wake hawawajui wanangu. Ipo siku watachumbiana."

"Mwandikie aje."

"Haji."

"Basi twende sisi."

"Siendi."

"Basi mkae barabarani, kila mtu na upande wake," nikasema, nikicheka.

Mama hakucheka. Alinitazama kama aliyeokota shilingi. "Katafute mahali," akasema.

Mdomo wangu umenipotezea kazi tatu na jino moja, lakini neno hilo ndilo lililonipa safari ndefu kuliko zote. Barabara naijua, maana nilikuwa utingo miaka saba. Nimeanguka kutoka kwenye malori matatu, moja likiwa limesimama. Siku hizo nilikuwa nanunua mpunga Rujewa na Ubaruku na kuuleta Mbeya, kwa hiyo kila safari nikawa natafuta uwanja wa kukalisha watu sitini.

Kwanza nikapata Chimala, kando ya mto, mahali pazuri kabisa. Nikamwandikia mjomba kupitia kwa binti yake Evarista, mwalimu, mtu pekee wa upande ule aliyekuwa na subira. Jibu likaja: "Baba anasema Chimala ni uani kwenu. Labda mngemwambia alale jikoni kabisa."

Nikaenda Makambako, ambako ni katikati kweli. Nilivua kofia ili nione kama upepo ni mkali, na nadhani kofia ile ilifika Njombe kabla yangu. Mama akasema magoti yake hayakuumbwa kwa Makambako.

Mwisho nikapata mahali ng'ambo ya Igawa, barabara inapoanza kupanda. Mkuyu mkubwa, kijito, majani mafupi, na chini ya mti pasafi kama pamefagiliwa. Hapakuwa na nyumba iliyoonekana wala mtu. Nikamshukuru Mungu kwa upepo unaojua kazi. Nikamwandikia mjomba kwamba ingawa ni mbali kidogo kwao, wao watakuwa wanateremka, lori litajileta lenyewe. Evarista akajibu: "Baba amecheka, halafu akakasirika kwamba amecheka. Tunakuja."

Ijumaa ni yetu, Jumapili ni yao, tukaafikiana Jumamosi. Mbuzi wangechinjwa na sisi. Wao wangeleta kuku wakiwa hai, wamefungwa miguu, ili nao tuwachinje sisi, na hilo mjomba alilitoa mwenyewe bila kuombwa. Msimu wa ulanzi, pombe yao ya mianzi, ulikuwa umekwisha, kwa hiyo jambo moja la kugombania likapungua.

Siku ilipofika, sisi wa Mbeya tulitangulia na lori la Asukile, Mnyakyusa mmoja anayeendesha taratibu na kulalamika haraka. Tukatandika mikeka chini ya mkuyu, tukawasha moto. Mama akakaa katikati, kanga mpya, uso wa sikukuu.

Saa tano lori la Iringa likafika. Watu wakashuka, watu thelathini na ushee, kuku mikononi, wakajipanga ukingoni mwa barabara. Mbele yao mjomba, koti jeusi, kofia, fimbo. Akasimama hapo hapo.

Nikamkimbilia. "Shikamoo mjomba. Karibu."

"Marahaba. Nani anakaribisha?"

"Mimi."

"Wewe mtoto. Mikeka ile ya nani?"

"Ya mama."

"Basi pale ni kwake. Na kwa mtu huingii bila hodi."

Mama akasikia. "Mwambie sijafunga mlango."

"Mwambie mlango siuoni, naona mikeka."

Mwezi mzima nimetafuta mahali pasipo na mlango, na mama alikuwa ameubeba kwapani, umekunjwa. Nikamsihi anyanyuke kidogo tu, akasema mwenyeji hainuliwi na mgeni. Nikarudi kwa mjomba, akasema mgeni hajiiti. Nilipita kati yao mara sita. Watoto wa pande mbili walikuwa wanatazamana kama mbuzi wa mazizi mawili. Kuku wakachoka kulia. Asukile akanikumbusha kwamba tumemkodi mpaka saa kumi tu, na kuna mtu wa Chimala anamsubiri na magunia.

Evarista akaninong'oneza, "Namjua baba. Saa saba ikifika hajala, anapanda lori. Na akipanda leo, hamtamwona tena."

Saa sita na nusu mjomba akamgeukia dereva wao, akamwuliza kama lori linaweza kugeuka pale. Nilimwona mama akiinamisha kichwa, akianza kunyoosha pindo la kanga ambalo lilikuwa limenyooka tayari.

Hapo ndipo akatokea mwanamke mzima kutoka nyuma ya kichuguu, jembe begani.

"Nani amewaweka kwenye shamba langu?"

Nikajitokeza, maana kupigwa nimezoea. "Mama, nilidhani halina mwenyewe."

"Mkuyu uliofagiliwa chini hauna mwenyewe? Unadhani nani kaufagia, fisi?" Akatugeukia sote. "Inukeni. Wote barabarani, na mikeka yenu."

Hatukubishana. Mama akainuka na magoti yake, akakunja mkeka, akaja kusimama barabarani na sisi wote. Watu sitini, wa Mbeya na wa Iringa, tumechanganyika kama mchele na chuya. Yule mwanamke akasimama peke yake chini ya mti, akaegemea jembe.

"Sasa," akasema. "Watu waliofunzwa wanaingiaje kwa mtu?"

Mjomba, kwa adabu tu, akamsalimu kwa Kihehe: "Kamwene."

Mwanamke akaanza kucheka. "Kumbe Wahehe. Mimi Apolonia, Mngoni wa Songea. Marehemu mume wangu alikuwa nyapara wa barabara hii. Haya watani, ndani ya sufuria ile mmepika mbwa wa nani?"

Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana, na Mhehe siku zote huambiwa anakula mbwa. Mtani atakuvua nguo ya heshima mbele ya watu, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna, aibu ni yako mpaka kaburini. Mjomba alilijua hilo kuliko sote.

"Na ninyi Wangoni bado mnakimbia?" akamjibu. "Naona umefika mbali."

"Nimefika shambani kwangu, baba. Wewe ndiye uko barabarani." Akamsogelea, akamvua kofia, akaivaa mwenyewe. "Piga hodi."

"Mimi sipigi hodi kwa..."

"Kwa nani? Kwangu? Nimekukosea lini, na leo ndiyo nakuona?" Macho yakamhamia mama. "Na wewe bibi unayejificha nyuma ya mkeka, pua hiyo na pua hii zimetoka kiwanda kimoja. Pigeni wote. Nina maharage ya kupura, sina siku nzima."

Mama na mjomba wakatazamana, mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka tisa. Mjomba akanyoosha mkono, akauchukua mkeka kwapani mwa mama, akaubeba yeye.

"Hodi," wakasema.

Apolonia akatazama mawingu.

"Hodi."

Akachokonoa udongo kwenye jembe. Niliuona mguu wa kulia wa mjomba ukigeuka taratibu kuelekea lori.

"Ngoja, kaka," mama akasema kwa sauti ndogo.

Mguu ukasimama. Sijui ulifikiri nini, lakini ulirudi mahali pake.

"Hodi," wakasema ya tatu.

"Karibuni," akasema Apolonia. "Siku zote hizi mlikuwa wapi?"

Tukaingia kama maji ya mfereji. Apolonia akachukua paja zima la mbuzi kwa haki ya utani, na kofia hakuirudisha mpaka jioni. Watoto waliotazamana asubuhi walikuwa kijitoni wanalowana. Asukile akala sahani tatu, akasahau magunia ya watu.

Mama na mjomba walikaa kwenye mkeka mmoja, sahani moja kati yao. Kwa muda mrefu walizungumza Kihehe cha haraka ambacho mimi nakisikia nusu. Walikuwa wakibishana ni nani aliyeanza kusema hodi ya kwanza. Halafu mama akasema mwakani kaka yake aje kwake Mbeya.

Mjomba akatafuna. "Mnaswali saa ngapi na saa ngapi?"

Mama akamtajia zote tano. Mjomba akahesabu kwa vidole vilivyojaa mafuta ya pilau, akarudia tena kutoka alfajiri.

"Basi nitafika saa nne asubuhi."

"Saa nne huwa niko sokoni."

"Nitangoja," akasema mjomba, akanituma pilipili.