Ukurasa wa Walioumia Kazini

Walikuwa wameketi sebuleni kwangu tangu saa nne asubuhi, watu watano wa kanisani kwetu, wakinisubiri niseme asante.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya mto, umefungwa bendeji hadi karibu na kiwiko. Siku tisa nyuma mashine ya kuranda mbao ilikuwa imekula vidole vitatu. Fundi mwenzangu aliniambia baadaye kwamba nilichofanya kwanza ni kuizima mashine na kuuliza kama ubao umeharibika. Ubao ulikuwa mzima. Ulikuwa wa mimbari ya kanisa letu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kidonda: nilikuwa kwenye kazi ya Mungu, ya kujitolea, siku yangu ya mapumziko, naye akaangalia pembeni.

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeongoza. Alifungua daftari la buluu, akapekua, akasoma kwa sauti ya matangazo: "Walioumia kazini. Ndugu, machozi marefu ni dalili ya imani fupi. Shukuru leo, upone kesho."

Daftari lilikuwa langu. Maneno nayo yalikuwa yangu, tena nilikuwa nikijivunia hayo marefu na hiyo fupi. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeongoza kikundi cha kutembelea wagonjwa na waliofiwa, nikaandika ukurasa mmoja kwa kila aina ya shida: homa, mguu uliovunjika, ujane, kufukuzwa kazi. Watu waliniita Mzee Daftari, nami nikalipokea jina hilo kama cheo. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza niliweka sheria: hatuondoki mpaka mwenye shida aseme kwa kinywa chake mwenyewe, "Asante, Bwana." Akishasema, tunaweka alama ya vema mbele ya jina lake, tunakunywa chai, tunakwenda zetu.

Sasa zamu ilikuwa yangu, na kinywa kimegoma. Si kwamba sikujua la kusema. Nililijua kuliko wote pale. Lakini kilichokuwa ndani hakikuwa shukrani. Kilikuwa hasira tupu.

"Jikaze, Mzee," alisema mwalimu wa kwaya. "Maneno mawili tu."

"Chai inapoa," mke wangu alisema kutoka mlangoni. Sheria aliijua vizuri, na uvumilivu wake ulikuwa umefika mwisho.

Saa sita waliinuka bila kuweka alama. Ilikuwa mara ya kwanza kikundi changu kushindwa, na kilishindwa nyumbani kwangu. Niliona aibu. Kisha nikaona jambo baya zaidi: katika zile sentensi zote nilizowasomea watu kwa miaka kumi na mmoja, hapakuwa na hata moja iliyonifaa.

Kesho yake alikuja fundi cherehani, peke yake. Duka lake lilitazamana na karakana yangu. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amemzika binti yake wa pekee, na siku mbili baada ya maziko nilimpelekea kikundi. Nilikumbuka alivyokaa saa nzima na nusu akiitazama cherehani yake, kisha ghafla akasema, wazi kabisa, "Asante, Bwana." Nikaweka alama. Njiani niliwaambia wenzangu, "Mmeona? Hiyo ndiyo imani."

Hakuja na kitabu. Alikuja na mkoba wake wa nyuzi na sindano. Alimwomba mke wangu mashati yangu yote, akaketi, akaanza kuondoa vifungo na kuweka vile vya chuma vya kubonyeza tu. Juu ya kila kimoja alirudishia kifungo cha zamani, ili kwa mbali shati lionekane kama kawaida.

"Nimesikia umeshindwa kushukuru," alisema akiwa kwenye shati la pili, bila kuinua macho.

"Nimeshindwa."

"Mimi siku ile nilisema ili muondoke." Akakata uzi kwa meno. "Nilikuwa nataka kulia, na nyinyi hamkunipa nafasi."

Daftari halikuwa na ukurasa wa jambo hilo. "Nisamehe, dada," nilisema, na machozi yakanitoka mbele ya mke wangu, nisiweze kuyazuia.

Hakuninyamazisha. "Nilishakusamehe, lakini si kwa siku moja," alisema. "Nikisikia mashine yako asubuhi nakasirika, nakuombea, halafu nakasirika tena. Wewe lia tu." Akaendelea kushona.

Kabla ya kuondoka aliingia jikoni, akaosha vikombe vyote vya wageni wa jana. Mke wangu alikuwa hoi kwa kuniuguza, na hakuna aliyekuwa ameliona hilo, mimi nikiwa wa kwanza.

Wiki hiyo nilianza tena kuomba, na niliomba vibaya. Nilimwambia Mungu hasira yangu yote, bila mpangilio, na nilishangaa kwamba hakunifukuza. Shukrani ilikuja mwezi wa nne baada ya ajali, asubuhi ya kawaida, nikiwa mbele ya kioo. Nilibonyeza vifungo sita kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, bila kumwita mke wangu. "Asante," nilisema. Hapakuwa na mtu wa kuweka alama.

Mimbari niliimalizia kwa vidole saba. Upande mmoja umepinda kidogo, utaona ukijua pa kutazama.

Niliporudi kwenye kikundi niliomba daftari langu, nikachana kurasa zote, ule wa sheria kwanza. Mwalimu wa kwaya alinitazama kana kwamba homa imenipanda.

"Sasa, Mzee, tukienda kwa mtu tutajuaje kwamba tumemaliza?"

"Vyombo vikishaoshwa," nilimwambia.