Mtihani wa Tanuri

Bosi wa kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu alikuwa na kipimo chake. Akitaka kujua kama ujuzi wa fundi mkuu umewaingia wenzake, humfungia fundi ofisini, nyuma ya kioo, kazi iende bila yeye. Fundi akitoka kwenda kuwasaidia, amefeli, na cheo hana tena.

"Umewafundisha yote, mzee?"

"Yote, bosi. Hata kukohoa wanakohoa kama mimi."

Na kweli aliwafundisha, hasa mpwa wake, binti wa dada yake, aliyemlea mwenyewe. Ila kuna mambo aliyabania. Mtu akigawa hadi jiko, atapikia wapi? Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, aliyachambua mabomba yaliyobanwa ncha, akayatoboa, maji ya mvua yaliyonaswa ndani yakamwagika. Leo bosi alimdaka getini, akampeleka moja kwa moja ofisini.

Sasa alimwona mpwa wake akibeba bomba nene, limebanwa huku na huku, anaelekea mdomo wa tanuri. Maji yale yakikutana na chuma kilichoyeyuka, ni bomu.

"Bosi, fungua mlango!"

"Kaa, mzee. Ukitoka umefeli."

Fundi alimtwanga ngumi ya mdomo. Akanyanyua stuli, akapasua kioo, akajipenyeza, vipande vikimchana mapaja.

"Litupe chini!"

Tanuri lilinguruma, likaimeza sauti yake. Akamrukia binti, akambwaga sakafuni. Mkono wa binti ukavunjika, ka! Lakini bomba lilikuwa limeshatumbukia.

Tanuri likatapika. Moto ukagonga paa, ukarudi chini kama mvua, ukamchoma fundi mgongo alipokuwa amemlalia mpwa wake.

Moshi ulipopungua, binti alijitoa chini yake, mkono unaning'inia.

"Lilikuwa na maji. Ulijua, mjomba?"

Fundi akageuzia uso sakafuni. Akala teke la mbavu.

"Nakuuliza, ulijua?"

"Yatobolewe... yatobolewe kwanza."

"Na kingine?" Teke. "Kingine ulichotuficha?"

Bosi alisimama kwenye kioo kilichovunjika, damu kidevuni. Hakumzuia.

"Hakuna kingine, mwanangu. Haki ya Mungu."

Binti akaokota koleo kwa mkono mzima, akaliinua.

"Mnyororo!" fundi akalia. "Mnyororo wa winchi umepasuka pingili ya juu. Nimeufunga waya. Kila asubuhi naukaza. Leo sijaukaza."

Wote wakatazama juu. Ndoo kubwa iliyojaa chuma cha moto ilikuwa inayumba juu ya vichwa vyao.

"Kimbieni!" fundi akapiga kelele.

Binti akatupa koleo, akamkamata mjomba wake ukosi, akaanza kumburuta.